DENI LA MAREHEMU MZAZI: NANI ALIPE, NA ALIPE NINI?



Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hawakutuambia tufanye nini pale ambapo mkopaji mwenyewe ndiye tunayemwekea matanga.

Mara nyingi mwenzetu akirudi kazini kutoka msibani huwa na huzuni mbili. Ya kwanza ni ya kufiwa. Ya pili ni karatasi iliyo mfukoni. Ukikaa naye wakati wa chakula atakuonyesha. Karatasi imeandikwa jina la baba yake au mama yake, kiasi cha fedha, na chini kuna mahali ameambiwa atie saini yeye. Anauliza: "Ndugu, nifanye nini? Watasema baba yangu alikuwa mwizi."

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na wa kiwandani na wa mashambani, hapa Awindiri na kule Koboko. Kwa hiyo leo nitalijibu kwa wote. Nitaanza na makosa yangu mwenyewe, maana mtu aliyeanguka shimoni ndiye anayejua shimo liko wapi.

YALIYONIPATA MIMI

Baba yangu alifariki mwaka 2014, nyumbani kwetu Awindiri. Ujana wake aliutumia katika mashamba ya miwa, kama wazee wengi wa West Nile waliosafiri hadi Kakira na Lugazi kutafuta kodi na nguo. Baadaye yakaja mambo ya 1979 na 1980, tukawa wakimbizi Zaire kama jirani zetu. Aliporudi alilima muhogo na mtama, akafungua kibanda cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mtu wa kibanda hukopesha watu, na yeye mwenyewe hukopa. Ndivyo biashara ndogo ilivyo.

Siku ya tatu ya msiba, kabla machozi hayajakauka, wakaja watu wawili wakaketi chini ya mwembe. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mjini na daftari lake. Wa pili alikuwa mkopeshaji wa fedha na karatasi yenye dole gumba. Walisema kwa sauti kubwa, wajomba na wakwe wasikie. Kaka yangu mkubwa aliona aibu. Siku ileile akauza ng'ombe wawili na mabati ambayo Mzee alikuwa amenunua kwa ajili ya nyumba. Mfanyabiashara akalipwa yote. Mkopeshaji akalipwa nusu, na ile nusu iliyobaki akanisogezea mimi karatasi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mshahara.

Nilitia saini. Kazi yangu kila siku ni kuwaambia wenzangu wasitie saini karatasi wasiyoielewa, na mimi nilitia saini bila hata kuisoma. Nililipa kutoka mshahara wangu kwa miezi 14. Mtoto wangu mmoja alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Lakini hilo si jambo linaloniuma zaidi. Palikuwapo wadai wengine wawili msibani ambao hawakupaza sauti. Mmoja ni mama mjane, jirani yetu, auzaye unga wa muhogo. Alimkopesha Mzee shilingi 150,000 za kwenda hospitali. Hakuwa na karatasi, lakini watu wanne walikuwapo alipozitoa. Wa pili ni kibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, aliyelima shamba letu miezi miwili ya mwisho ya uhai wa Mzee. Alikuwa anadai shilingi 120,000. Alisimama karibu na zizi siku mbili, akasaidia kuchimba kaburi, kisha akaondoka. Hakuna aliyemwuliza kitu. Ng'ombe walipokwisha kuuzwa, hao wawili hawakupata hata senti.

Mwaka 2019 chama kilitupeleka semina, na mwanasheria mmoja akatusomea jinsi sheria ya mirathi ya Uganda inavyopanga malipo ya madeni ya marehemu. Alipofika kwenye vibarua nilimwomba arudie. Akarudia. Mshahara wa kibarua hulipwa kabla ya deni la mfanyabiashara na kabla ya deni la mkopeshaji asiye na dhamana. Niliinamisha kichwa. Miaka yote nimekuwa nikidai mishahara ya watu kwa waajiri, na katika boma la baba yangu mwajiri alikuwa baba yangu, na sisi watoto tulikula jasho la mtu.

Nilimtafuta kibarua yule. Nilimpata sokoni Ariwara akibeba mizigo. Nikampa fedha zake. Alizihesabu, akasema, "Mzee alikuwa mtu mwema," akarudi kwenye mzigo wake. Mama mjane naye nilimlipa kidogo kidogo hadi zikaisha.

Sasa tuyachukue mambo moja baada ya jingine.

KANUNI YA KWANZA: DENI HUIFUATA MALI, HALIMFUATI MTOTO

Katika sheria ya Uganda mtu akifa, madeni yake yote hukaa juu ya mali aliyoiacha. Mali ikitosha, wadai wote hulipwa. Mali isipotosha, hulipwa kadiri ilivyopo. Mali ikiisha, mdai amekosa, kama vile ambavyo mwenye duka hukosa mteja anapokufa bila kuacha kitu. Mtoto hadaiwi mshahara wake, ng'ombe wake, wala kiwanja alichonunua kwa jasho lake, kwa sababu tu yeye ni mtoto.

Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya namna hii. Mtu akikutishia kwamba utafungwa kwa deni la baba yako, mwambie aende mahakamani, nawe utakwenda kumsikiliza huko.

Hata hivyo kuna milango minne ambayo deni la mzazi huweza kupitia likakuingia wewe mwenyewe. Uijue yote.

Mlango wa kwanza: ulikopa pamoja naye. Kama jina lako na saini yako viko kwenye mkataba pamoja na vyake, deni ni lako pia.

Mlango wa pili: ulimdhamini. Wengi wetu tumewadhamini wazazi wetu katika SACCO. Mdhamini hubaki na wajibu wake mkopaji anapokufa. Lakini sheria ya mikataba ya mwaka 2010 inataka udhamini uwe wa maandishi. Mtu asikuambie kwamba ulimdhamini baba yako kwa mdomo tu.

Mlango wa tatu: uliingia katika mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama. Ukiuza ng'ombe wake, ukitoa fedha katika simu yake kwa kuwa unajua namba ya siri, ukikusanya kodi ya vyumba vyake, umejifanya msimamizi bila kuwekwa. Sheria inaliita kosa. Zaidi ya hayo, wadai wanaweza kukudai kwa kiasi cha mali uliyoishika. Kulinda mali isiharibike, kulisha mifugo na kumzika marehemu si kosa. Kuuza na kugawa ndilo kosa.

Mlango wa nne: ulitia saini baada ya kifo. Huu ndio mlango niliouingia mimi. Karatasi ya kusema "nitalipa deni la marehemu baba yangu" huweza kulifanya deni hilo kuwa lako. Msibani usitie saini karatasi yoyote ya fedha. Mdai wa kweli atangoja matanga yaishe.

MPANGO WA MALIPO

Sheria imeweka foleni, na hakuna ruhusa ya kuruka foleni kwa kuwa una sauti kubwa au gari zuri. Foleni ni hii:

1. Gharama za mazishi kwa kiasi cha wastani, kulingana na hali ya marehemu, pamoja na gharama za matibabu ya ugonjwa wake wa mwisho.

2. Gharama za kupata kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi.

3. Mishahara ya vibarua, mafundi na watumishi wa nyumbani kwa kazi waliyomfanyia marehemu katika miezi mitatu kabla ya kufa kwake.

4. Madeni mengine yote, kwa usawa. Hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Mali isipotosha, kila mmoja hupunguziwa kwa kiwango kilekile.

5. Baada ya hapo ndipo hufuata zawadi za wasia na urithi wa mjane na watoto.

Jambo la kuangalia ni mkopo wenye dhamana, kama vile kiwanja kilichowekwa rehani benki. Huo husimama juu ya dhamana yake, nami nitaueleza mbele kidogo.

Tufanye hesabu ili ieleweke. Tuseme Mzee ameacha mali ya shilingi 3,000,000. Mazishi yamekula 600,000. Mahakama na karatasi zake 200,000. Kibarua anadai 240,000. Ukitoa hizo, zimebaki 1,960,000. Sasa SACCO inadai 1,500,000, mwenye duka anadai 800,000, na jirani mjane anadai 500,000. Jumla yao ni 2,800,000. Fedha hazitoshi.

Mkilipa kwa haraka, SACCO itachukua yake yote, mwenye duka atapata 460,000, na mjane ataambulia patupu. Mkifuata sheria, mtagawanya 1,960,000 kwa 2,800,000. Kila shilingi ya deni inapata senti 70. SACCO itapata 1,050,000, mwenye duka 560,000, na mjane 350,000. Hakuna aliyefurahi sana, na hakuna aliyedhulumiwa.

Ndugu zangu, ndiyo maana nasema mtu anayelipa deni la kwanza linalobisha hodi, hata kama ana moyo mwema, anaweza kumnyang'anya mnyonge.

KUPIMA DENI KABLA YA KULIPA

Si kila anayesema "namdai" anadai kweli. Wapo wanaosubiri mtu anyamaze ndipo waseme. Kwa hiyo kila mdai aulizwe maswali manne kwa heshima, mbele ya wazee.

Swali la kwanza: ushahidi uko wapi? Mkataba unaozidi shilingi 500,000 unatakiwa na sheria uwe wa maandishi. Chini ya hapo mashahidi wanaweza kutosha. Kwa hiyo msimfukuze mama asiye na karatasi kama watu walimwona akitoa fedha.

Swali la pili: deni ni la mwaka gani? Sheria ya ukomo inampa mdai wa deni la kawaida miaka sita ya kwenda mahakamani, tangu siku deni lilipopaswa kulipwa. Deni ambalo mahakama ilikwisha liamua hukaa miaka 12. Wazee wetu waliishi katika nyakati ngumu, na karatasi za zamani hujitokeza. Mtu anaweza kuleta hati ya mwaka 1985 ya shilingi 40,000. Akumbushwe mambo mawili: muda umepita siku nyingi, na mwaka 1987 serikali ilibadili fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Hata kama angekuwa na haki, hesabu ingeanzia shilingi 400.

Lakini hapa pana mtego. Deni lililolala huamshwa. Msimamizi wa mirathi akiandika barua ya kulikubali, au akilipa hata sehemu ndogo, muda huanza kuhesabiwa upya. Yule anayesema "nipe hata elfu kumi tu ya kuonyesha moyo" huenda anajua anachokifanya.

Swali la tatu: riba ni kiasi gani, na nani aliikubali? Chini ya sheria ya mwaka 2016 mkopeshaji wa fedha lazima awe na leseni. Mwombe aionyeshe. Mwombe na mkataba wenyewe, si nakala aliyoandika juzi.

Swali la nne: ni kiasi gani kimekwisha lipwa? Tafuta risiti katika sanduku la marehemu, katika Biblia yake au Kurani yake, katika mifuko ya koti, na katika ujumbe wa simu. Wazee huficha karatasi mahali pa ajabu. Sisi tulizikuta risiti tatu za mkopeshaji yule ndani ya kopo la chai, miezi kumi baada ya mimi kutia saini.

Kwa mikopo ya benki na SACCO kuna swali la tano, na ni la maana: je, mkopo ulikuwa na bima? Mara nyingi mkopaji hukatwa fedha kidogo za bima siku anapochukua mkopo, na akifa bima hulipa salio. Familia nyingi hazijui. Uliza kwa maandishi. Uliza pia akiba na hisa za marehemu katika SACCO ni kiasi gani, maana hizo nazo ni mali yake na ziingie katika hesabu.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, andikisheni kifo. Chukueni barua ya LC I na karatasi ya hospitali kama ipo, mwende ofisi ya NIRA ya wilaya mpate cheti cha kifo. Bila cheti milango mingi haifunguki.

Pili, fanyeni kikao cha ukoo. Mjane awepo, mabinti wawepo, na si wanaume peke yao. Andikeni orodha mbili: mali yote na madeni yote. Andikeni pia wanaomdai marehemu na wale ambao marehemu anawadai. Mzee wetu alikuwa anawadai wateja wa kibandani fedha nyingi, nasi tulizisahau.

Tatu, chagueni msimamizi. Tangu sheria ya mirathi iliporekebishwa mwaka 2022, mjane au mgane hutangulizwa katika kusimamia. Mtoto anayetaka kuomba hupitia kwanza ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali, ambayo iko chini ya Wizara ya Sheria, kupata cheti cha kwamba hakuna pingamizi. Kisha ombi hupelekwa mahakamani. Mirathi midogo husikilizwa na mahakama ya hakimu, na mikubwa huenda Mahakama Kuu, ambayo inakaa Arua. Ombi hutangazwa kwa siku 14 ili mwenye pingamizi aseme. LC I inaweza kuandika barua na kusuluhisha madeni madogo, lakini haiwezi kutoa kibali cha kusimamia mirathi. Msidanganywe kwa mhuri.

Nne, msimamizi akishapata kibali, akusanye mali, alipe kwa foleni niliyoitaja, na kila malipo yawe na risiti. Ndani ya miezi sita apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, na ndani ya mwaka mmoja apeleke hesabu ya alivyotumia. Kwa marekebisho ya 2022 kibali hudumu miaka miwili, na mahakama inaweza kuongeza muda. Kwa hiyo asilale.

Tano, kinachobaki kigawanywe. Marehemu asipoacha wasia, na kama ameacha mke, watoto, ndugu waliomtegemea na mrithi wa kimila, sheria inasema: watoto asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Binti na kijana ni sawa.

NYUMBA NA ARDHI

Hapa watu hudhulumiwa sana, kwa hiyo nieleze taratibu.

Ardhi nyingi ya kwetu West Nile ni ya ukoo kwa mila. Mzee alikuwa akilima mahali pake, lakini mara nyingi si yeye peke yake mwenye sauti juu yake. Mdai akisema, "Baba yenu aliniwekea shamba," ulizeni: ukoo ulijua? Mke wake alikubali? Sheria ya ardhi inataka idhini ya mke au mume kabla ya ardhi ambayo familia inaishi au inajilisha kuuzwa au kuwekwa rehani. Bila idhini hiyo rehani haisimami.

Kama rehani ni halali, benki nayo ina masharti yake. Sheria ya rehani ya mwaka 2009 inaitaka itoe taarifa ya maandishi na kuacha siku 45 za kazi deni lirekebishwe. Deni lisiporekebishwa itoe taarifa ya kuuza na kungoja siku nyingine 21 za kazi. Siku hizo ni za kuzungumza na kutafuta njia, msizipoteze kwa kulaumiana.

Mjane na watoto wana haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu. Kuwafukuza ni kosa la jinai, hata kama anayewafukuza ni baba mdogo. Baba wadogo wanisamehe, lakini wapo wanaotumia maneno "tunauza ili tulipe deni la kaka" na baadaye deni halilipwi.

MSHAHARA NA HAKI ZA MAREHEMU ALIYEKUWA MFANYAKAZI

Kama marehemu mwenyewe alikuwa mfanyakazi, kumbukeni kwamba kabla ya kuhesabu anachodaiwa, muhesabu anachodai. Mshahara wa siku alizofanya kazi ni haki ya warithi wake. Michango yake ya NSSF, asilimia 5 kutoka mshahara wake na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, hulipwa kwa wategemezi wake. NSSF ina ofisi mjini Arua. Kama alikufa kwa ajali ya kazini, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inawapa waliomtegemea kabisa fidia ya mshahara wa miezi 60. Mkopeshaji akitaka mumkabidhi hati hizi "azishughulikie yeye," kataeni.

Na wewe uliye hai kazini: mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara wako kwa deni la baba yako kwa sababu tu mkopeshaji ameleta karatasi ofisini. Makato yanayoruhusiwa ni yale yaliyotajwa na sheria au yaliyokubaliwa kwa njia ya sheria. Ukiona makato usiyoyajua, mwone mwakilishi wa chama siku hiyohiyo.

MILA NA DINI

Wapo watakaosema kwamba nimeleta maneno ya mahakama penye mambo ya ukoo. Mimi ni mtoto wa ukoo pia. Najua wajomba huja msibani na haki yao, na mama akifariki kabla mahari haijaisha watu wake huja kudai ng'ombe. Mambo haya wazee huyazungumza na huyamaliza kwa busara, na ni vizuri yamalizwe ili watoto wakae kwa amani na upande wa mama. Lakini yasichukue ng'ombe ambao wanapaswa kumlipa kibarua, na maiti isikae juu ya ardhi kwa sababu ya hesabu.

Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili si geni. Katika dini yao deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi kugawanywa. Makanisani nako tunafundishwa kutodhulumu mjane. Kwa hiyo sheria, dini na mila njema zote zinaelekea upande mmoja: deni la kweli lilipwe kutoka mali ya aliyekopa, na asiyekopa asionewe.

Je, mtoto akitaka kulipa kwa hiari yake kile ambacho sheria haimlazimishi? Alipe, ni heshima. Mimi nilimlipa mama mjane wala sijutii. Lakini alipe akiwa ameketi, amehesabu, na wanawe wamekula. Asilipe kwa hofu, na asilipe kwa kumziba mdomo mtu mwenye kelele.

TUANZE SISI TULIO HAI

Ndugu mfanyakazi, dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya ugomvi wa deni ni daftari. Nunua daftari la kurasa 32. Andika unachodaiwa, na nani, tangu lini, na ulicholipa. Andika unaowadai. Mwonyeshe mke wako au mume wako na mtoto mmoja mkubwa mahali linapokaa. Kama unacho kibarua shambani kwako, mlipe kila mwisho wa mwezi, kwa sababu hujui siku yako. Sisi tunaodai mishahara tusife tukiwa na mshahara wa mtu.

Na kama tayari umepewa karatasi ya marehemu mzazi wako, usiitie saini na usiichane. Ilete ofisi ya chama uje tuisome pamoja. Hatukutozi fedha kwa kusoma.

Umoja ni nguvu.